Upande wa Kushoto wa Koti

Mama Vifungo hakuzaliwa na jina hilo. Alilipata katika chumba cha mbele cha nyumba yake mwenyewe, ambako mumewe alikata, mdogo wake wa kiume alishona, na yeye akatoboa matundu ya vifungo, akayazungushia uzi, akatia vifungo na kupiga pasi. Jina lake la kuzaliwa lilibaki kwenye kitambulisho, na hata yeye alipoitwa kwalo hospitalini alichelewa kusimama. Mumewe naye mtaa mzima ulimwita Makasi, kwa sababu ilisemekana mkono wake ukishaanza kukata hauhitaji mstari wa chaki. Mdogo wake aliitwa Mjomba. Watoto wa nyumba ndio walioanza, kwa haki yao, kisha wateja wakafuata, mpaka wazee waliomzidi umri nao wakawa wanaita, "Mjomba, suruali yangu vipi?"

Chumba kilikuwa na dirisha moja kubwa lililotazama barabara. Chini yake ilikaa meza ya kukatia, ambayo mbao zake zilikuwa zimekunywa chaki miaka mingi hadi zikawa na weupe usiotoka kwa maji wala sabuni. Cherehani ya Mjomba iliipa mgongo meza hiyo. Makasi alisimama akitazama dirishani, Mjomba aliketi akitazama ukutani, na kila kipande kilichokatwa kilipitishwa juu ya bega bila mtu kugeuka.

"Shemeji, shika."

"Nimeshika."

Hata ubishi wao ulikuwa hivyo hivyo, wa kisogo kwa kisogo. Mama Vifungo peke yake, kwenye kiti chake cha pembeni karibu na meza ya pasi, ndiye aliyeziona nyuso zote mbili. Alipokuwa na wasiwasi hakumtazama anayesema. Alimtazama anayesikiliza.

Yeye na mdogo wake walizaliwa upande wa pili wa mpaka. Alipoolewa, mpaka huo ulikuwa mti mmoja uliopakwa rangi, ukaachwa umeinuliwa mchana kutwa, na mlinzi aliyekuwa akiwauliza wapita njia kama wana kiberiti. Nchi zote mbili zilikuwa ndani ya Shirikisho, na mtu alivuka kama anavyovuka barabara. Mdogo wake alikuja kumwona mtoto wa kwanza alipozaliwa. Akakuta kazi zimelundikana na shemeji yake anahema. Akasema, "Hebu nikusaidie siku mbili tatu." Begi alilokuja nalo liligeuka mto wa kuegemea wa watoto, likachakaa, likatupwa, na hakuna aliyekumbuka ni nani aliyelitupa.

Kisha ikaja habari ya kujitoa.

Makasi alitaka nchi ijitoe, na hakuficha. Hakuwa mtu wa chuki. Alikuwa mtu aliyechoka kuambiwa. "Kila kitu mpaka tuombe," alisema, mkasi ukila kitambaa. "Sare za watoto wetu wa shule, upana wa pindo unapangwa na mtu aliyeko mbali huko, ambaye sindano anaijua kwa kudungwa tu."

"Na ukishajitoa, hizi zipu utazitoa wapi?" Mjomba aliuliza ukuta wake. "Uzi huu unatoka kwetu. Bitana inatoka kwetu. Hata mimi natoka kwetu."

"Kwenu ni hapa."

"Leo ni hapa. Subiri mpige hiyo kura."

"Shemeji, nani atakugusa wewe? Nani atathubutu?"

"Hilo ndilo swali langu, maana jibu hulijui."

Mtu wa tatu katika mabishano hayo alikuwa Mwalimu, mstaafu wa jirani, aliyekuwa na suruali moja ya kijivu ambayo kiuno chake kilipunguzwa na kuachiwa mara nyingi kuliko tumbo lake lilivyobadilika. Aliileta kama tiketi ya kuingilia. Akishakaa kwenye benchi alifungua gazeti, akawachochea. Asubuhi alikuwa upande wa Makasi, mchana akahamia kwa Mjomba, na alipokuwa peke yake na Mama Vifungo alikiri kwamba yeye hakuwa na upande, alikuwa na muda tu.

Nyumba ilikuwa na sheria moja. Pasi ikishashika moto, Shirikisho halitajwi. Mama Vifungo aliiweka baada ya kuunguza shati jeupe la bwana mmoja wa benki, siku Mwalimu alipowatia wanaume wale ndimi za moto hadi yeye akaacha pasi juu ya kola akisikiliza. Tangu siku hiyo alikuwa akilowesha kidole, akakigusisha chini ya pasi, ikilia tu, anasema, "Imeshika." Na watu wazima watatu wananyamaza kama watoto waliosikia mlango.

Siku ya kura Makasi alivaa koti lake jema, lile la harusi na misiba, akaenda mapema. Mjomba hakuwa na kura, kwa kuwa hakuwahi kuomba uraia. Zamani hizo kuomba kungekuwa kama kuomba ruhusa ya kula mezani kwa dada yake. Mama Vifungo alikuwa nayo, aliipata kwa ndoa. Alipiga pasi. Alipiga pasi mashuka ambayo hayapigwi pasi, mapazia, hata matambara ya kufutia meza. Jioni mdogo wake aliutazama ule mrundo ulionyooka, akasema kwa upole, "Dada, leo umefanya kazi kweli." Hakusema zaidi, na ndiyo maana maneno hayo hayakumtoka.

Matokeo yalitangazwa redioni wakiwa kazini. Nje magari yalipiga honi. Makasi aliweka mkasi chini.

"Haya. Yamekwisha," alisema.

"Kwako," Mjomba akajibu, na mashine ikaendelea.

Mabishano yalibadilika sura baada ya hapo. Zamani walibishana juu ya yatakayotokea, na mtu akishindwa alicheka. Sasa walibishana juu ya yaliyokwisha kutokea. Zipu zikachelewa mpakani, Makasi akasema ni mambo ya mwanzo tu. Uzi mweusi ukaadimika, akasema watu wanauficha makusudi. Mjomba alihesabu kila kasoro kwa sauti ya mtu anayesoma gazeti la mwenzake juu ya bega. Mwalimu alipunguza kuja. Alimwambia Mama Vifungo barabarani, "Siku hizi kwenu mtu akicheka anaulizwa anacheka nini."

Ndipo likatoka tangazo kwamba wenyeji wa nchi nyingine za Shirikisho watahitaji kibali cha kukaa, na mwenye kuwaombea ni mwajiri wao. Makasi alikwenda ofisini kuulizia, akarudi amechangamka, kama mtu aliyeambiwa ugonjwa wake una dawa.

"Ni jambo dogo," alisema akivua viatu. "Mwenye kazi anakwenda pale, anasema huyu ni mtu wangu, anapigiwa mhuri. Mchezo umekwisha."

"Mtu wako kivipi?" Mjomba aliuliza.

"Mfanyakazi. Mimi mwajiri, wewe mwajiriwa. Ni maneno ya karatasi tu, shemeji."

"Ungewaambia mimi ni shemeji yako. Tunafanya kazi pamoja na tunagawana sawa."

"Nimewaambia. Pale hapana kisanduku cha shemeji."

Mama Vifungo alimwona mdogo wake akiondoa mguu kwenye kanyagio la mashine, polepole, kana kwamba kanyagio lingeumia.

"Ulipokuwa unapiga kura," Mjomba alisema, "kisanduku hicho ulikuwa umekiona?"

"Sasa unataka nifanye nini? Nataka kukusaidia, unanigeuzia maneno."

"Sijaomba msaada."

"Basi ukiutaka utaniambia."

"Na wewe ukitaka kwenda kuniandikisha kibarua wako, miguu unayo."

Kutoka hapo jambo lenyewe lilikuwa jepesi kiasi cha kuudhi. Makasi alikuwa tayari kwenda, ila alitaka aombwe. Mjomba alikuwa tayari kuandikwa hata mwajiriwa, ila alitaka aandikwe bila kuomba, na kwanza asikie mtu akisema kwamba hilo neno ni la uongo. Mama Vifungo alilijua hilo kama alivyojua chakula kipi nani anakila na kipi anakisogeza pembeni ya sahani. Alijaribu huku, akajaribu kule.

"Baba Watoto, si uende tu?"

"Afungue mdomo. Ni mtu mzima, ana ndevu."

Akamfuata mwingine uani, alikokuwa akitia mafuta vyuma vya cherehani. "Mdogo wangu, mwambie neno moja. Sema tu, nisaidie."

"Dada, nimwombe nini? Nimwombe nikae nilipokaa? Watoto wako wamejifunza kutembea wakishika mguu wa hii mashine."

Kati ya manuno hayo ilikuja kazi kubwa kuliko zote walizowahi kupata. Kituo cha mpakani kilikuwa kinajengwa upya, chenye geti la chuma na vibanda vya vioo, na maafisa wake walihitaji makoti. Makasi alipewa kazi ya kuyashona. Usiku aliwaza, asubuhi akasema, bila kumtazama mtu, kwamba angalau faida mojawapo ya kujitoa ndiyo hii. Mwalimu, aliyekuwa amepita kuchukua suruali yake, alisema pale mlangoni, "Mjomba, shona mifuko mikubwa. Ndimo watakamotia hati yako ya kusafiria." Hakuna aliyecheka. Mwalimu mwenyewe alijifanya anakagua zipu.

Mjomba aliyashona. Alishona fungu la kwanza lote, makoti ya samawati nzito, mabega yamekaa kama yalivyoumbwa, na Mama Vifungo alitoboa matundu yake bila kupima mara mbili. Kisha asubuhi moja Mjomba alifunika cherehani kwa shuka la zamani, akaweka kichupa cha mafuta chini yake, akabeba mfuko mdogo. Alimkuta dada yake jikoni.

"Naenda kupumzika kidogo kwa ndugu, kule kwetu," alisema.

"Kidogo mpaka lini?"

"Mpaka nitakapoulizwa niko wapi." Akamshika bega, akatoka kwa mlango wa nyuma.

Makasi alikuwa mezani, amesikia kila neno, anakata. Hakugeuka. Aliendelea kukata mpaka kipande kikaisha, na Mama Vifungo, aliyekuja kusimama mlangoni amwambie la kumwambia, alimwona akikipitisha juu ya bega kama siku zote. "Shemeji, shika." Kitambaa kikaanguka sakafuni. Makasi alikitazama muda mrefu, akainama, akakikung'uta vumbi ambalo halikuwepo.

Alimtafuta fundi mwingine, binti aliyetoka chuo cha ushonaji, mpole, mwenye mishono iliyonyooka kama imechapwa. Alikuja na cherehani yake mwenyewe. Ile iliyofunikwa shuka Makasi alisema isiguswe. Kila kitu kilikuwa sawa isipokuwa makoti. Yalitoka yameinama. Ukilivaa, bega la kushoto lilishuka, kola ikakaa upande, na vifungo havikukutana na matundu yake. Mama Vifungo alipima, akapima tena, akadhani macho yameanza kumtupa mkono.

Makasi alimlaumu binti. Mwanzo kwa staha, baadaye bila staha. "Chuoni siku hizi wanawafundisha nini? Mashine inakwenda mbio, mikono inalala."

Binti alikuwa na heshima, lakini hakuwa na woga. "Mzee, mimi nimeshona pale mkasi wako ulipopita," alisema. "Sijaongeza, sijapunguza."

"Mkasi wangu?"

"Ndiyo, mzee. Shikamoo tena, lakini ndiyo."

Makasi alitoka nje. Makoti kadhaa yalikuwa yamekwishachukuliwa hivyo hivyo, kwa sababu kituo kilikuwa kinafunguliwa na watu walikuwa na haraka.

Siku hiyohiyo Mjomba alimpigia dada yake simu. Alikuwa amepata kazi kwenye karakana ya jamaa mmoja, kushona tu. Sauti yake ilikuwa ya kujichangamsha. "Huku hawajui kukata, dada," alilalamika. "Kila nguo inabana kushoto. Mwenye kazi ananitazama kama namwibia kitambaa. Mwambie Makasi... au usimwambie. Mwambie tu huku hawajui kukata."

Mama Vifungo alikata simu akabaki ameishika. Mume anasema hawajui kushona. Mdogo wake anasema hawajui kukata. Na vyote viwili vinaharibika kushoto.

Akaenda kabatini, akatoa koti jema la mumewe, lile la harusi na misiba, ambalo lilikatwa na kushonwa humu humu. Akakaa karibu na dirisha, akachukua wembe, akafumua bitana. Hakuwahi kuutazama undani wa nguo zao. Zilimfikia zimekwisha. Mshono wa kulia ulikuwa mwembamba wa kawaida. Wa kushoto ulikuwa umemeza kitambaa cha upana wa kidole kizima, kikakunjwa ndani, kikalazwa vizuri. Akafumua shati la mwanawe, lililokatwa na kushonwa na mikono hiyohiyo. Vilevile.

Alielewa taratibu, na kila alipoelewa zaidi alijisikia vibaya zaidi. Makasi alikunja kitambaa mara mbili na kukata tabaka zote kwa pamoja. Lile la chini, la kushoto, liliteleza kidogo mbele ya mkasi wake wenye haraka, likatoka pana kuliko mwenzake. Miaka yote hiyo hakuwahi kukata sawa. Na mdogo wake alivunjika kiwiko cha kushoto utotoni, alipoanguka ukutani, yeye mwenyewe ndiye aliyembeba mgongoni kumpeleka kwa daktari. Mkono huo ulibaki mzito, ukavuta kitambaa ndani kuliko inavyotakiwa. Miaka yote hiyo hakuwahi kushona sawa. Kasoro ya mmoja iliingia katika kasoro ya mwenzake, nguo zikatoka zimenyooka, na kila mmoja akajiona fundi. Hakuna aliyemficha mwenzake kitu. Hawakujua tu. Wangejuaje, nao walikuwa wamepeana migongo?

Alimsubiri mumewe. Alipoingia, alimwekea koti lililofumuliwa mezani, akaunyoosha ule mshono mnene kwa kidole chake kilichopinda kwa kazi ya sindano, akaweka kando yake vipande viwili ambavyo Makasi mwenyewe alivikata asubuhi, kimoja juu ya kingine, ili kile cha chini kionekane kinavyochungulia. Makasi alitazama. Aliinua kimoja, akakishusha.

"Kwa hiyo mimi sijui kukata."

"Sikusema hivyo."

"Umesema nini?"

"Nimesema mlikuwa mnajua pamoja."

Makasi alikaa kwenye kiti cha Mjomba, juu ya shuka lililokuwa limening'inia. "Mtaa mzima unaniita Makasi," alisema. "Kumbe nilikuwa nasitiriwa."

"Na yeye ulikuwa unamsitiri. Huko aliko anaambiwa anabana nguo."

"Amepiga simu?"

"Amepiga."

"Ameniuliza?"

Mama Vifungo alifikiri. Angeweza kusema ndiyo, na pengine ingesaidia. "Ameanza kukuuliza," alisema, "akaacha."

Asubuhi Makasi alimwambia binti, "Yafumue yaliyobaki. Kosa ni langu," na masikio yakamwaka hadi saa ya chakula. Alianza kukata tabaka moja moja, kwa chaki, polepole, ulimi umetokeza pembeni ya mdomo kama mwanafunzi. Kazi ilichelewa lakini ilinyooka. Kisha siku moja alivaa viatu vya kutokea, akaenda kwenye ile ofisi ya vibali bila kumwambia mtu, akamwandikisha Mjomba. Aliporudi alisema mhuri umepatikana, ila mhusika lazima avuke mpaka mwenyewe kabla ya mwisho wa mwezi, la sivyo inakuwa kama hakuombewa.

"Mpigie," Mama Vifungo alisema.

"Nimpigie nimwambie nini? Njoo uwe mwajiriwa?"

Badala ya kupiga simu akatoa kitambaa kizuri cha kahawia alichokuwa amekitunza, akamkatia shemeji yake koti. Vipimo alivijua bila futi. Alitaka kulikata kama zamani, upande wa kushoto uzidi kwa kidole, ili likikutana na mkono ule mzito litoke sawa. Mama Vifungo alimwona akijaribu kwanza kwenye magazeti ya Mwalimu. Alikunja, akakata kwa haraka ileile ya zamani, lakini mkono sasa ulikuwa unajitazama. Zilitoka sawasawa, tabaka mbili kama pacha. Mwishowe alichora chaki, akaongeza huo upana makusudi, akakata. Akavifunga vipande kwenye mfuko.

"Mpelekee. Akishashona atajua."

Mpakani palikuwa na geti jipya la chuma, na katikati ya mageti mawili palikuwa na benchi la saruji chini ya paa la bati, ambapo watu wa pande mbili waliruhusiwa kukutana. Mama Vifungo alikuwa amempigia mdogo wake simu wakutane hapo, akamtajia na habari ya mhuri na mwisho wa mwezi, naye alikuwa amekwisha fika. Alikuwa amepungua. Walishikana mikono muda mrefu, wakaulizana watoto, afya, mvua, kila kitu isipokuwa kile.

Afisa alikuja kutazama mfuko. Bega lake la kushoto lilikuwa limeshuka, na koti lake la samawati lilipanuka kifuani, kifungo cha pili kikivutwa na tundu lisilokuwa lake. Mama Vifungo aliijua kazi ya mkono wake. Alitamani kumvua.

"Hii ni nguo au kitambaa?" afisa aliuliza.

"Ni koti," alisema. "Bado halijashonwa."

"Basi ni kitambaa. Kitambaa kilichokatwa ni bidhaa, hakivuki bila kulipiwa ushuru. Nguo mtu aliyoivaa, hiyo inavuka."

"Hata ikiwa ya bandi, ya kushikizwa kwa mkono tu?"

Afisa alifikiri. Kanuni zilikuwa mpya, na yeye alikuwa kijana. "Ikiwa imevaliwa," alisema.

Mjomba aliomba sindano, na dada yake hakuwahi kutembea bila sindano. Akakaa pale benchini, akatandaza vipande magotini, akaanza kuvishikiza kwa mkono, mishono mirefu ya uzi mweupe. Alipofika upande wa kushoto alisimama. Akakutanisha kingo mbili, akapitisha kidole gumba.

"Amezidisha," alisema.

"Alijaribu kukata kama zamani."

"Zamani hakuwa anajua anachonipa." Alimtazama dada yake. "Kwa hiyo ameona."

"Ameona. Na kule kwako pia, huyo mwenye kazi hakati ovyo. Ni mkono wako."

Alishona, akavuta uzi, akashona. Kiwiko chake kilitoka nje kidogo, kama kilivyotoka tangu utoto. "Kwenye ile karatasi ameniandika nani?"

"Mwajiriwa. Hapana neno jingine pale."

"Alisema chochote alipokuwa anaandika?"

"Sikuwepo. Lakini alirudi hakula."

Hilo lilimfanya atabasamu, kidogo, kwa upande mmoja wa mdomo. Alikata uzi kwa meno, akasimama, akalivaa. Lilimkaa vizuri kulia. Kushoto lilikuwa na mfuko wa hewa chini ya kwapa, kwa kile kilichozidi. Alijitazama kwenye kioo cha kibanda.

"Koti la bandi halidumu," alisema. "Linataka mashine."

"Mashine ipo."

"Yule binti haitumii?"

"Alikuja na yake. Ya kwako haijaguswa."

Akatikisa kichwa, jambo ambalo lingeweza kuwa ndiyo, nakuja, au lingeweza kuwa vizuri tu. Afisa alimwita, muda wa benchi ulikuwa umekwisha. Alimrudishia dada yake sindano, akiichomeka mwenyewe kwenye ukosi wa gauni lake ili isipotee, akaenda zake kwenye geti la upande wake. Nyuzi nyeupe zilionekana mgongoni mwake mpaka akapinda. Mama Vifungo aligundua kwamba hakumwuliza waziwazi kama atarudi, na kwamba kwa upande wake hakuahidiwa kitu.

Alifika nyumbani jua bado lipo. Makasi alikuwa amesimama mahali pake, ila hakuwa anakata.

"Amesemaje?"

"Ameuliza mashine yake."

"Na kuja? Amesema anakuja?"

"Hakusema."

Makasi alisubiri kama kuna zaidi. Hakukuwa na zaidi. Akaizunguka meza, akainama, akaondoa lile shuka, akalikunja mara nne. Akachukua kichupa cha mafuta. Alitia tone hapa, tone pale, akizungusha gurudumu kwa kiganja, akisikiliza. Kisha akatafuta kitambaa, akaanza kufuta vumbi kwenye miguu ya chuma, mpaka chini kabisa, kwenye misumari iliyoishikilia sakafuni.

Mama Vifungo aliwasha pasi, akalowesha kidole, akakigusisha. Iliposhika moto hakusema. Alimtazama mumewe akiwa amepiga magoti pale, na hakumwuliza kama anaitengeneza ili itumike au ili isafirishwe kumfuata mwenyewe.